Kuba la Würzburg lililokataa kuanguka

Kazi yangu ni uhifadhi wa majengo ya kale. Nikiwapeleka wanafunzi Würzburg, mji wa Bavaria, Ujerumani, wenye watu wapatao 130,000 na undugu na Mwanza tangu 1966, hatuanzii kwenye makanisa. Tunaanzia Grafeneckart, kwenye ukumbi wa mji, mbele ya kielelezo cha mji ulivyokuwa mwaka 1945: kuta zimesimama, mapaa hakuna. Usiku wa tarehe 16 Machi ndege za Uingereza ziliumwagia mabomu ya moto kwa muda wa kama dakika 20. Watu wapatao 5,000 walikufa, na karibu asilimia 90 ya mji wa kale ikateketea. Ukishakiona kielelezo hicho, hutapita tena mtaani ukidhani kila ukuta wa kale ni wa kale kweli.

Kisha tunakwenda Residenz, kasri la maaskofu waliokuwa pia watawala. Msanifu majengo Balthasar Neumann aliufunika ukumbi wa ngazi kwa kuba la mawe, upana wa mita 18 hivi na urefu wa 30, bila nguzo ya kulishikilia katikati. Mchoraji Mwitaliano Tiepolo akalichora 1752 na 1753: mabara manne, Afrika ikiwemo. Usiku ule paa la mbao lililokuwa juu yake liliungua lote, kuba likabaki. Wengi huuita muujiza. Mimi naiona akili ya Neumann: mawe mepesi, na uzito uliopelekwa kwenye kuta nene.

Moto ulipozimika, adui akawa mvua, maana plasta ikilowa, rangi hubanduka. Mwanajeshi wa Marekani aliyeshughulikia kazi za sanaa, John Skilton, alihangaika hadi akapata mbao za kuezekea paa la muda. Namheshimu sana mtu huyu.

Wenyeji watakuonyesha pia Juliusspital, hospitali iliyoanzishwa 1576 na Askofu Julius Echter, ambayo hadi leo inamiliki mashamba makubwa ya mizabibu na kuuza mvinyo wake. Ni kweli, tena inapendeza. Lakini Echter aliijenga juu ya makaburi ya Wayahudi, na hilo nawaambia wanafunzi tukiwa palepale uani.

Kila tarehe 16 Machi, usiku, kengele za makanisa hupigwa kwa dakika 20.