Kuogelea na Pomboo wa Kizimkazi: Uliza Kwanza Kama Wamelala

Likizo za mwisho wa mwaka zinapokaribia, ndugu na marafiki huniuliza swali lile lile: nikiingia majini Kizimkazi, je, pomboo watanisogelea? Kazi yangu ni kuchunguza mamalia wa baharini, na nimekaa siku nyingi ndani ya boti nikiandika daftarini kila pomboo alipoibuka kuvuta pumzi. Ninachowajibu ni kwamba pomboo watakusogelea iwapo wamekwisha kula, hawajachoshwa na boti zilizotangulia na, zaidi ya yote, hawajalala. Jambo hili la usingizi wageni wengi hawajapata kuelezwa, nami naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote.

Kizimkazi iko karibu na ncha ya kusini ya kisiwa cha Unguja, mahali penye msikiti wa kale ambao maandishi ya kibla chake ni ya mwaka 1107. Bahari yake imo ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ghuba ya Menai, lililotangazwa mwaka 1997 na lenye ukubwa wa kilomita za mraba 470 hivi. Humo wanaishi pomboo wa aina mbili. Wale ambao wageni huwaona mara nyingi ni pomboo wa pua ya chupa wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, ambao wataalamu huwaita Tursiops aduncus. Wengine ni pomboo wa nundu, Sousa plumbea, ambao ni waoga, hupenda maji ya kina kifupi na wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka duniani. Ukiona pezi dogo limekaa juu ya kinundu kirefu cha mgongoni, mwombe nahodha asiwafuate hao.

Hata hao wa kwanza si wengi. Makadirio yaliyofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayakufikia pomboo 200, na wengi wao ni wakazi wa pale pale mwaka mzima. Kwa mgeni, safari ya pomboo ni asubuhi moja ya maisha yake, lakini pomboo huyo huyo hukutana na wageni wengine kesho, keshokutwa na mtondo. Kabla ya utalii kuanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, wavuvi wa huko waliwawinda pomboo ili nyama yao iwe chambo cha papa, na uwindaji huo ulikoma kufikia mwaka 1996, watu walipoona kwamba pomboo aliye hai analeta riziki kubwa zaidi. Mabadiliko hayo nayaheshimu sana. Ndiyo maana siwaambii watu wasiende Kizimkazi. Nawaambia namna ya kwenda.

Sasa niueleze huo usingizi. Sisi binadamu tunapolala, pumzi hujiendesha yenyewe, lakini kwa pomboo kila pumzi ni tendo la makusudi, na angelala fofofo kama sisi angekufa maji. Kwa hiyo ubongo wake hulala nusu kwa nusu: upande mmoja hupumzika huku mwingine ukiongoza mwili, ukimkumbusha kuibuka na kulinda kundi, na mara nyingi jicho moja hubaki wazi. Kwa sababu hiyo pomboo aliyelala haachi kuogelea, na macho yasiyozoea hudhani yuko macho kabisa. Dalili zake, hata hivyo, ziko wazi ukishaonyeshwa. Kundi hubanana, huenda taratibu, huibuka na kuzama pamoja kwa mwendo mmoja, na hakuna anayeruka wala kufukuza samaki. Kundi la namna hiyo hupendeza kulitazama kwa mbali, na mtu anayejirusha majini katikati yake huwa amewaamsha wote.

Madhara yake yamepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu pomboo wa kusini mwa Unguja ulionyesha kwamba mbele ya boti za watalii muda wao wa kupumzika, kula na kukaa pamoja ulipungua, huku muda wa kuhama hapa na pale ukiongezeka zaidi ya mara mbili. Mwenye kuumia zaidi ni mama anayenyonyesha, kwa kuwa hubeba ujauzito mwaka mzima, kisha humnyonyesha mtoto huku wote wawili wakiogelea, na mtoto huyo hawezi kwenda kasi kwa muda mrefu.

Namna boti inavyosogea huamua karibu kila kitu. Sauti husafiri majini mita 1,500 hivi kwa sekunde, na pomboo huona kwa sauti kama anavyoona kwa macho: hutoa milio mifupi mifupi inayofuatana haraka, kisha husikiliza mwangwi unaorudi kupitia taya lake la chini. Injini inayovuma humfunika masikio. Nahodha mzuri huja ubavuni, kwa mwendo mdogo, akielekea kule kule wanakoelekea pomboo, wala hawakati njia kwa mbele. Boti mbili au tatu zikiwa zimekwisha kufika, bora kungoja mbali au kurudi.

Ukiingia majini, teleza kutoka ukingoni mwa boti badala ya kuruka. Vaa miwani na mrija wa kupumulia, na jaketi okozi kama hujazoea kina kirefu, kisha uelee kimya mikono ikiwa ubavuni. Kumfukuza hakufai kitu, kwani muogeleaji bingwa wa dunia hafikishi kilomita 10 kwa saa, ilhali pomboo anaweza kupita 30. Usimguse wala kumlisha. Ngozi yake ni laini, meno yake ni makali, na lile tabasamu ni umbo la taya tu, halikuambii kama amefurahi. Akipiga maji kwa mkia au kundi likigeuka ghafla na kuzama kwa muda mrefu, amekwisha kukujibu. Panda botini.

Mataifa mengine yamechukua hatua kali. Huko Hawaii, Marekani ilipiga marufuku mwaka 2021 kuwasogelea pomboo wa aina ile inayoruka na kujizungusha hewani chini ya yadi 50, yaani mita 46 hivi, kwa kuwa huingia kwenye ghuba mchana ili kulala. Kwenye mwamba wa Samadai, Misri, sehemu wanakopumzika pomboo imetengwa kwa maboya, na waogeleaji hubaki nje yake. Mimi naupenda zaidi mpango wa Samadai, kwa sababu pomboo anayetaka kuwaona watu hutoka mwenyewe, na wenyeji hawapotezi kazi.

Kizimkazi tunaweza kuanza kwa maneno machache ufukweni, kabla nanga haijang'olewa. Nahodha wengi huwakimbilia pomboo kwa sababu wanaogopa kwamba mgeni asiyeona kitu kwa karibu atanung'unika na kupunguza bahashishi. Mimi humwambia: «Nahodha, tukiwakuta wamelala tuwatazame kwa mbali, kisha twende tukaogelee mwambani. Malipo yako hayatapungua.»