Wakulima wa tumbaku na marufuku ya sigara: yasemwayo na yaliyo kweli

Zikitajwa sheria za kuzuia uvutaji hadharani, wengi hudhani watu wa wilaya za Tanzania zinazolima tumbaku, kama Urambo, Kaliua au Chunya, hawataki hata kuzisikia. Naona wakulima hawa wanasingiziwa.

"Marufuku ya sigara inaua bei ya tumbaku."

Hofu hii ndiyo mzizi wa zote, na inaeleweka. Mkulima amekopa mbolea, ana makisio (kiasi cha tumbaku alichopangiwa kuuza) ya kutimiza kwenye chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa kijijini, na anasubiri siku ya soko mteuzi, mkaguzi wa ubora, apange madaraja ya tumbaku yake. Akisikia "sheria ya tumbaku" anawaza deni lake. Lakini sehemu kubwa ya tumbaku ya Tanzania huuzwa nje ya nchi, na kwa miaka mingi bei yake imetajwa kwa dola. Yanayomuumiza mkulima ni daraja la chini, mnunuzi kupunguza makisio, na malipo yanayochelewa. Abiria kuzima sigara ndani ya basi la Tabora kwenda Mpanda hakumpunguzii hata senti. North Carolina, jimbo linaloongoza kwa kilimo cha tumbaku Marekani, lilipiga marufuku sigara kwenye migahawa na baa kuanzia 2 Januari 2010, na bado ndilo linaloongoza. Ni kweli kwamba wavutaji wakipungua duniani kwa miaka mingi soko nalo litasinyaa. Hilo wakulima wanastahili kuelezwa bila kufichwa, ila halitokani na bango la "Usivute sigara" kwenye zahanati.

"Anayelima ndiye anayevuta, kwa hiyo atapinga tu."

Majani yakitoka bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, hupangwa, hufungwa mitumba (marobota) na kupelekwa sokoni. Wengi walioyachuma hawajawahi kuweka sigara mdomoni. Mwulize mama kama anataka mtu avute karibu na mwanawe kwenye foleni ya kliniki, kisha mwulize kama anaunga mkono "sheria za tumbaku". La kwanza linahusu kifua cha mtoto, la pili analisikia kama swali la ada ya shule. Anayeyachanganya maswali haya halafu akatangaza kwamba kijiji kimepinga, amekitungia kijiji maoni.

"Sisi tumezoea moshi wa mabani, sigara itatufanya nini?"

Moshi wa kuni nao hudhuru, na hauukingi mwili dhidi ya moshi mwingine. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Hakuna mwili unaozoea hayo. Tena mchumaji ana sababu ya ziada ya kujihadhari: majani mabichi yakiwa na umande, nikotini hupenya kwenye ngozi, akapata kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Kwa nini aongezewe na moshi wa jirani aliyewasha sigara kibandani?

"Hizi ni sheria za wageni, zimekuja kung'oa tumbaku yetu."

Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, kabla nchi haijaridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Mkataba huo haukatazi kulima. Ibara yake ya 17 inazitaka nchi ziwasaidie wakulima kupata kipato kingine kinachofaa. Huko Migori, Kenya, serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa imewasaidia wakulima wa tumbaku kuhamia maharage yenye madini mengi ya chuma, wakiwa na mnunuzi wa uhakika. Mnunuzi ndiye muhimu hapo. Kumwambia mtu aache tumbaku bila kumwonyesha soko ni kumtelekeza.

"Kijijini hakuna polisi, nani atasimamia?"

Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, baada ya wanakijiji kuijadili mkutanoni na halmashauri ya wilaya kuiidhinisha. Kijiji kinaweza kuanza na zahanati, shule na ofisi ya chama cha msingi siku za masoko, ambako watu hukaa pamoja kutwa nzima.