Kocha msaidizi katika lakrosi ya vyuo: anamsaidia nani hasa?

Kwa mazoea yetu ya soka, kocha msaidizi ni yule anayepanga koni mazoezini, na kocha mkuu akitimuliwa anakaimu mechi mbili tatu mpaka apatikane mwingine. Ukiibeba picha hiyo ukaipeleka kwenye lakrosi ya vyuo vikuu vya Marekani, utapotea. Kule kocha msaidizi ni mtu aliyekabidhiwa nusu ya timu, na wapo waliofanya kazi hiyo miaka 20.

Kwanza mchezo wenyewe. Lakrosi ya wanaume huchezwa na watu 10 kila upande: kipa, mabeki watatu, viungo watatu, washambuliaji watatu. Kila mmoja ameshika fimbo yenye wavu kichwani, na kwa wavu huo anadaka na kurusha mpira mdogo, mgumu, wa raba. Wenye mchezo huu ni wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, hasa Wahaudenosaunee. Kwetu Afrika, Uganda ndiyo iliyotangulia kwenye mashindano ya dunia ya wanaume, mwaka 2014 kule Denver.

Benchi la ufundi la chuo kwa kawaida linagawanywa hivi: msaidizi mmoja anashika ulinzi, mwingine mashambulizi. Tumtazame wa ulinzi. Beki akipitwa, mwenzake wa karibu lazima amwache mtu wake akazibe pengo, na wa tatu azibe pengo la huyo wa pili. Nani anatoka kwanza? Nani anafuata? Wachezaji hupigiana kelele kabla hata beki hajapitwa: “Wa kwanza ni mimi!” “Wa pili mimi!” Hayo hayaji yenyewe. Kocha msaidizi ameyarudia mazoezini siku nenda siku rudi, na usiku amekaa na video za wapinzani kuona mshambuliaji wao anapenda kukata kushoto au kulia. Siku ya mechi macho yake yako kwenye eneo la kubadilishia wachezaji, maana lakrosi hubadilisha watu mpira ukiendelea. Ukimwacha kipa, timu hairuhusiwi kuwa na zaidi ya fimbo ndefu nne, zile wanazoshika mabeki, uwanjani. Mmoja akiingia kabla mwenzake hajatoka, ni adhabu, na kwa muda huo mnacheza pungufu.

Kuna kazi nyingine isiyoonekana kwenye televisheni: usajili. Mara nyingi ni msaidizi anayezunguka viwanja vya shule majira ya joto, daftari mkononi, kutafuta vijana. Zamani mbio hizo zilivuka mpaka. Watoto walioanza tu sekondari walikuwa wanaahidi kujiunga na chuo fulani. Mwaka 2017 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kikazuia makocha kuzungumza na mchezaji kabla ya Septemba 1 ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Naona ulikuwa uamuzi wa haki, kwa watoto na kwa makocha pia.

Ngazi ya kazi hii huanzia chini sana. Kwa miaka mingi kwenye daraja la kwanza la michezo ya vyuo palikuwa na nafasi ya kocha wa kujitolea, aliyefanya kazi kama wenzake bila mshahara wa chuo. Nafasi hiyo ilifutwa Julai 2023. Juu yake yuko msaidizi wa kawaida, kisha msimamizi wa ulinzi au wa mashambulizi, kisha kocha mshiriki, ambaye ni wa pili kwa kocha mkuu.

Wengine hupanda haraka. Willie Scroggs alikuwa msaidizi katika chuo kikuu cha Johns Hopkins, akaondoka kwenda kuwa kocha mkuu wa chuo kikuu cha North Carolina, na katika fainali za 1981 na 1982 akaifunga Johns Hopkins hiyohiyo. Johns Hopkins nao wakamchukua msaidizi wa Scroggs, Don Zimmerman, na mwaka wake wa kwanza, 1984, akawapa ubingwa.

John Desko alikwenda mwendo mwingine. Alichezea chuo kikuu cha Syracuse, akabaki hapohapo kama msaidizi wa kocha mkuu Roy Simmons Jr. kwa karibu miongo miwili, ulinzi ukiwa wake. Alipokabidhiwa timu msimu wa 1999 hakuna aliyehitaji kumwonyesha njia. Alitwaa ubingwa mara tano, wa kwanza mwaka 2000, akastaafu 2021.

Na wapo ambao usaidizi ndio kazi yao kamili. Pale chuo kikuu cha Princeton, kocha mkuu Bill Tierney, mtu wa ulinzi, alimwachia David Metzbower mashambulizi. Kati ya 1992 na 2001 walichukua ubingwa mara sita, na mara zote sita Metzbower alikuwa kwenye benchi kama msaidizi.