Je, wajua ubongo nao unatengeneza homoni za uzazi?

Shangazi yangu wa Ujiji alitolewa ovari (mifuko ya mayai) zote mbili, na pale barazani tukakubaliana kabisa kwamba estrojeni, ile tunayoiita homoni ya kike, kwake ndo basi, kiwanda si kimeshatolewa? Mimi ndo nilikuwa wa kwanza kusema hivyo. Nilikosea. Nilijua kazi ya ubongo ni kuamrisha tu, ovari na korodani peke yake ndo zinatengeneza, na estrojeni ni ya wanawake peke yao. Yote matatu si kweli.

Mwaka 1981 mtafiti Mfaransa Étienne-Émile Baulieu na wenzake walikuta ubongo wa panya una steroidi (kundi moja na estrojeni, zote zinatokana na kolesteroli) inaitwa DHEA salfeti nyingi kuliko iliyomo kwenye damu, wakatoa korodani, wakatoa na tezi za juu ya figo, bado ubongoni ikawepo. Sasa kama ilikuwa inaletwa kutoka nje, nani alikuwa anaileta tena?

Chukua chikichi. Huku Kigoma tunachemsha, tunakamua, tunapata mawese, halafu kokwa ukiipasua unapata mise nayo ina mafuta yake mengine kabisa, tunda ni lilelile ila kila hatua ina kazi yake na mtu wake. Ndani ya ubongo tunda ni kolesteroli, watu wa kazi ni vimeng'enya, na yule wa mwisho, aromatesi, anageuza testosteroni kuwa estradioli, estrojeni yenye nguvu kuliko zote. Hata kichwani mwa mwanaume, yaani hilo jina "homoni ya kike" linatupoteza sana.

Sasa inafanya nini humo? Matawi ya seli ya neva yana vijimiiba, uvione kama mkungu wa chikichi ulivyo na miiba, na hapo ndo ujumbe wa seli nyingine unapokelewa. Kwa panya jike vijimiiba vya hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, vinaongezeka na kupungua ndani ya mzunguko wake wa siku 4 au 5. Kilichonishangaza zaidi, watafiti walikuza seli za hipokampasi kwenye kisahani, hakuna ovari hakuna damu, wakazima aromatesi, na vijimiiba vikapungua. Kumbe estradioli ilikuwa inatoka humohumo.

Ila ushahidi mwingi ni wa panya na ndege, kwa binadamu twende taratibu. Na estrojeni ya damuni kwa shangazi imeshuka kweli, lile joto la usiku linalomfanya afungue madirisha si la kufikirika, hii ya ubongoni haizibi pengo hilo. Lakini neno "imeisha" nimerudi Ujiji kumwambia tulilisema vibaya.