Uso kwanza, bahari baadaye: kazi ya mpiga picha wa filamu za makala

Wanafunzi wapya ninaowafundisha kamera hapa Bagamoyo huwa nawapeleka kwanza soko la samaki. Tunafika kabla ya saa moja asubuhi, ngalawa zikianza kuingia. Kwetu jua linachomoza baharini, kwa hiyo mvuvi anayepanda ufukweni na tenga lake ana mwanga mkali mgongoni. Mwanafunzi anawasha kamera, anaiacha ijipangie yenyewe. Tukija kutazama alichorekodi, tunakuta bahari inang'aa vizuri na mbele yake kivuli cha mtu asiye na macho wala pua. "Mwalimu, hii kamera mbovu." Kamera ni nzima. Imefanya ilichoundwa kufanya, na hapo ndipo somo linapoanza.

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hukusanya mwanga wote wa kwenye fremu na kuuvuta uelekee kijivu cha wastani, kile kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Bahari yenye jua ikitawala fremu, kamera inapunguza mwanga na uso unazama gizani. Sasa msogelee mvuvi yuleyule mpaka ngozi yake ijaze fremu: kamera inaona weusi mwingi, inaongeza mwanga, na ngozi inapauka kama iliyopakwa majivu. Mtu ni yuleyule, na kamera imemkosea mara mbili.

Jambo hili lina historia, na inanigusa kila ninapoifundisha. Katika enzi za filamu za mkanda, maabara nyingi za picha zilirekebisha rangi zake kwa kutumia picha ya mwanamke wa Kizungu, iliyojulikana kama kadi ya Shirley. Rangi ilihesabiwa kuwa sahihi pale ngozi yake ilipotoka vizuri. Ngozi kama zetu hazikuwa kwenye hesabu hiyo kwa miaka mingi. Kamera za leo zimeboreshwa sana, lakini uamuzi wa jinsi uso wa Mwafrika utakavyoonekana bado ni wa aliyeshika kamera. Kama hakuufanya yeye, mashine itamfanyia.

Tiba yake haihitaji fedha nyingi. Kwanza hama wewe: zunguka upande wa bahari, naye akugeukie, ili jua limwangukie mvuvi usoni. Ikiwa jua ni kali mno, mkaribishe kwenye ukingo wa banda la makuti, yeye kivulini, uso ukitazama nje kwenye mchanga mweupe. Mchanga ule unarudisha mwanga mpana na laini. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao, ule mstari wa mwanga kwenye shavu na paji la uso, na mng'ao huo hupendeza mwanga unapotoka ubavuni kwenye kitu kipana. Ukuta uliopakwa chokaa unafaa, hata shuka jeupe linafaa. Mwenye kanzu nyeupe msubiri baada ya alasiri, jua likiwa limepungua ukali. Saa sita mchana utachagua kati ya kuunguza kanzu, yaani kuipa mwanga mwingi hadi ibaki nyeupe tupu, na kuzamisha uso.

Kusubiri ndiyo sehemu kubwa ya kazi hii. Katika filamu ya kuigiza, mwongozaji akitaka mnada urudiwe, utarudiwa. Katika makala, dalali akishagonga bei, samaki ameuzwa. Utasema urudi kesho saa ileile ukamalizie? Kesho maji yatajaa takribani dakika 50 baadaye kuliko leo. Ngalawa zilizokuwa zinaelea zinaweza kuwa zimelala kwenye tope, na picha zako hazitaungana. Mpiga picha wa pwani asiyejua bamvua, zile siku za maji makubwa, ni lini atapoteza siku nyingi.

Kabla ya hayo yote kuna salamu. Niliwahi kufika sokoni nimeshatangulia kuwasha kamera, nikaielekeza kwa mama mmoja anayekaanga samaki. Akafunika uso kwa kanga. "Mwanangu, hata shikamoo hakuna?" Nilizima, nikaamkia, nikakaa kwenye benchi lake karibu saa nzima nikila samaki. Siku ya tatu nilirekodi, wala hakunitazama tena. Alikuwa anageuza samaki wake na kugombana na mchuuzi kuhusu chenji. Picha zile ni bora kuliko nyingi nilizopiga kwa vifaa vya gharama.

Salamu haiondoi kibali. Filamu hapa nchini zinaongozwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, na kibali kinatolewa na Bodi ya Filamu. Ukitaka kurusha droni, kuna vibali vyake, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikiwemo. Ufukweni, waone viongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi ufukweni, na wa serikali ya mtaa.

Kuhusu ajira, wengi huanzia kubeba stendi na kuhamisha mafaili, na nafasi hiyo isidharauliwe. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa. Asubuhi moja ya kurekodi kwa muda wa saa tatu sokoni ni gigabaiti 135. Anayetunza nakala tatu, moja ikiwa imelala nyumba nyingine, ndiye mtu ambaye timu inamwita tena. Ndiye pia anayefuta chumvi kwenye lenzi kila jioni, na anayekumbuka kwamba umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kamera iwe fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, la sivyo baadhi ya taa za ndani zitacheza kwenye picha.

Kama huna kamera, simu inatosha kuanzia. Nenda sokoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uombe ruhusa kwa mtu mmoja. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, shikilia kidole mpaka kipimo kijifunge, kisha shusha mwanga kidogo kidogo mpaka ngozi iliyo kwenye kioo ifanane na ya huyo aliyesimama mbele yako. Bahari nyuma yake itaungua. Iache iungue.