Je, wajua kwa nini Tanzania iliwahi kuwaomba wafadhili wasije kwanza?

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ila hao wahenga hawakuwahi kukaa wizara ya fedha Dar mwaka 2005. Mwaka huo hesabu ilipopigwa Tanzania ilikuwa imepokea misafara ya wafadhili 541. Toa jumamosi, jumapili na sikukuu, unapata zaidi ya misafara miwili kila siku ya kazi, na kila msafara unataka kuonana na mkubwa, unataka takwimu zake, unataka kupelekwa mkoani ukaone mradi wake. Na katika yote hiyo asilimia 17 tu ndo wafadhili wawili au zaidi walikuja pamoja, waliobaki kila mtu na safari yake. Vietnam walikuwa na hali mbaya zaidi, 791! Ni kwa ajili ya misafara ya namna hii serikali ya Tanzania iliweka kipindi cha ukimya, yaani msimu wa kuandaa bajeti wafadhili waliombwa wasije kama hakuna dharura, watu wapumue wafanye kazi.

Sasa hivi kweli watu wanaoleta hela wanashindwaje kukaa chini, wakaweka kwenye chungu kimoja wakapokea ripoti moja? Jibu ni kwamba kila mmoja anapimwa kwao, sio huku kwetu. Bunge la kwao linamuuliza hela ya walipa kodi wetu imefanya nini, na hawezi kusimama pale akajibu "tulichangia na wenzetu, mambo yanaenda vizuri". Anatakiwa aseme kisima hiki ni chetu, watoto hawa tumewachanja sisi, na stika yenye nembo iko mlangoni.

Ukitaka kuliona hilo nenda zahanati yoyote ya kijijini. Serikali ina vitabu vyake vya MTUHA, ndo mfumo wa taarifa za afya, kila mgonjwa anaandikwa humo. Ukija mradi wa ukimwi unaleta rejista zake, wa uzazi salama na fomu zake, wa malaria nao hivyo hivyo, mama mmoja aliyeleta mtoto kliniki anaweza kuandikwa mara tatu. Mimi nilishakaa kwenye benchi la zahanati moja mwisho wa mwezi, nesi yuko peke yake, foleni imetoka nje mpaka kwenye mwembe, na yeye ameinamia makaratasi anahesabu vile vijiti, vinne vimesimama cha tano kinawakatiza, anatuambia "nisubirini kidogo jamani, ripoti inatakiwa leo". Hakuna mtu aliyekaa akapanga iwe hivyo, kila aliyeleta fomu alileta moja tu.

Kwenye maji ndo utacheka ulie. Mradi unachimba kisima, utepe unakatwa, picha inapigwa, kimeshahesabiwa kuwa ni mafanikio, alafu mradi unaisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 serikali ilipopita vijijini nchi nzima kuangalia vituo vya maji ikakuta kama vinne kati ya kumi havitoi maji, ila ukisoma ripoti za miradi vyote vilikamilika. Na kila mradi na pampu yake ya aina yake, spea ukaitafute wapi.

Sio kwamba hawakujaribu kurekebisha. Miaka ya 90 katikati serikali na wafadhili waligombana kabisa hapa Tanzania, misamaha ya kodi, rushwa, mpaka Denmark ikalipia timu huru ije iamue, ikiongozwa na profesa Gerald Helleiner wa Canada, na ndani yake walikuwepo Lipumba (ndiyo, huyo huyo mwanasiasa wa chama cha CUF) na Benno Ndulu aliyekuja kuwa gavana wa Benki Kuu. Ripoti ya 1995 ikazisema pande zote mbili, serikali imeachia usukani na wafadhili wameshika usukani usio wao. Baadae ikaja basketi fandi ya afya, yaani chungu kimoja ambacho wafadhili wanachangia pamoja, alafu 2005 nchi zikakubaliana Paris kwamba misaada ifuate mipango na mifumo ya nchi husika, na vikawekwa viashiria vya kupimana mpaka 2010. Matokeo? Kati ya malengo 13 likafikiwa moja. Rwanda ndo walikuwa wakali, 2010 wakawaambia wafadhili kila mmoja achague sekta zisizozidi tatu basi.

Chungu kimoja nacho kina shida yake ambayo haisemwi sana. 2014 sakata la Escrow lilipolipuka, lile la hela kuchotwa kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu, wafadhili waliokuwa wanachangia bajeti ya Tanzania walizuia hela kwa pamoja, maana walishazoea kukaa meza moja.

Na hiyo hela yenyewe inavyohesabiwa ni kituko kingine. Tangu 1970 lengo la nchi tajiri ni asilimia 0.7 ya pato lao, ila sheria zao zinaruhusu gharama za kumtunza mkimbizi kwao mwaka wa kwanza zihesabiwe kama msaada. 2022 Uingereza zaidi ya robo ya msaada wake ilikuwa ni hiyo, hela haijapanda hata ndege.

Desemba 2023 ikatoka Ajenda ya Lusaka, makubaliano mengine tena, safari hii kuhusu mifuko mikubwa ya afya duniani, na wimbo ukawa mpango mmoja, bajeti moja, ripoti moja. Kabla haujakolea ikafika Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada, na kufika Julai USAID, shirika lao la misaada, ikawa imefungwa. Kipindi cha ukimya kimekuja bila kuombwa. Walioumia mapema ni zile huduma zilizokuwa zimejengwa pembeni, zenye wafanyakazi wanaolipwa na mradi. Kenya kliniki za ukimwi zilizokuwa zinajitegemea zikaanza kufungwa, wagonjwa waliozoea mlango wao na faili lao wakaambiwa wakapange foleni ya kawaida ya hospitali, pamoja na mwenye kikohozi na mwenye kidonda.