"Ikiingia Tu, Itasoma": Si Kweli kwa Diski ya Pili ya Laptopu

Swali ni lile lile kila wiki, na mara nyingi linakuja SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ikiwa imeshanunuliwa: "Fundi, kuna sloti ya M.2 humu, si itaingia?" Itaingia. Kuingia na kusoma ni mambo mawili, na hela za watu zinapotelea katikati hapo.

M.2 ni umbo tu la kadi yenye upana wa milimita 22. Halikuambii data inapita njia gani. SSD za umbo hilo ni za SATA au za NVMe, namna mbili tofauti za kupitisha data, na NVMe hutumia njia za kasi za madabodi (bodi kuu ya laptopu) ziitwazo PCIe. Sloti yenye ufunguo wa M (kinundu kinachooana na pengo la kwenye kadi) hupokea zote mbili bila kulazimisha. Lakini kama madabodi imeunganishwa kwa SATA peke yake pale, NVMe haitaonekana hata kwenye BIOS (programu ya mashine inayoanza kabla ya Windows), na kinyume chake ni vivyo hivyo. Usipige Windows upya, usitafute draiva: njia yenyewe haipo kwenye madabodi.

Mapengo ya kwenye kadi yanasaidia nusu tu. Pengo moja la M, usawa wa pini 59 hadi 66, kwa kawaida ni NVMe. Mapengo mawili, B na M, mara nyingi ni SATA, ila zipo NVMe za njia mbili za PCIe zenye mapengo mawili, kwa hiyo soma lebo. Soma na urefu: 2242 ni milimita 42, 2280 ni milimita 80. Kadi isiyofika kwenye tundu la skrubu hubaki imeinuka, na kuibana kwa gundi au kipande cha sponji ni kuitafutia soketi kifo.

Chukua laptopu ya Lenovo, ThinkPad T480. Sloti ya modemu ya intaneti ya laini ya simu inaweza kubeba diski ya pili, lakini iwe NVMe ya 2242 yenye mapengo mawili. Ya pengo la M peke yake haiingii, ya 2280 haienei, ya SATA haisomi. Mashine nyingine zina alama ya sloti hiyo kwenye madabodi lakini soketi haikuchomelewa. Sloti ya Wi-Fi nayo ni ya ufunguo wa A au E. Iache.

Nafasi ya diski ya inchi 2.5 ina mtego wake. Modeli moja huweza kuuzwa na betri ndogo au kubwa, na ile kubwa ikakalia mahali pa diski. Hata nafasi ikiwepo, waya bapa na kibanio huenda havikuwekwa kiwandani, na diski ya unene wa milimita 9.5 haikai palipotengenezwa kwa 7. Ndiyo maana nasisitiza: geuza laptopu, chukua namba kamili ya modeli (kwa Dell tumia Service Tag, namba ya utambulisho wa mashine yako), pakua mwongozo wa matengenezo wa mtengenezaji, soma sehemu ya diski. Dakika kumi. Kisha ndiyo uende dukani.

Kauli nyingine ninazozisikia ni hizi. "Nikiongeza SSD, mashine itakuwa na kasi." Si kama Windows imebaki kwenye hadidiski (diski ya kuzunguka) ya zamani. Hamisha mfumo kwa programu ya kukloni (kunakili diski nzima), kisha uipe SSD nafasi ya kwanza ya kuwasha ndani ya BIOS.

"Fremu ya kuwekea diski mahali pa DVD ni ile ile." Zipo za milimita 12.7 na 9.5, pima kwanza. Kwenye baadhi ya laptopu za zamani mlango wa DVD ni wa 1.5 au 3 Gb/s wakati wa diski kuu ni wa 6. SSD iingie mahali pa diski kuu, hadidiski ihamie kwenye fremu. Wengi hufanya kinyume chake.

"Haionekani, kumbe mbovu." Angalia BIOS. Kama ipo huko na diski ni mpya, huenda haijaandaliwa tu: bonyeza Windows na X, fungua Disk Management, chagua GPT (mpangilio mpya wa kugawa diski), unda sehemu mpya ya NTFS (mfumo wa faili wa Windows). Kwa MBR, mpangilio wa zamani, diski inayozidi 2 TB haitatumika yote.

"Kuzima kunatosha." Hakutoshi. Ondoa chaja, chomoa plagi ya betri kwenye madabodi, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15, ndipo uguse soketi. Na kama BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga data ya diski kwa ufunguo) imewashwa, isimamishe kwa muda na uhifadhi ufunguo wake wa tarakimu 48 nje ya mashine hiyo kabla ya kushika bisibisi, kwa sababu mabadiliko ya BIOS yanaweza kuufanya uombwe mara utakapowasha.